Mgeni wa Takawiri Yuko Kericho

Desemba ikikaribia, hoja ile ile hurudi Kisumu, na kutoka Kisumu hupanda matatu hadi huku kwetu Muhoroni. Inasema hivi: Ziwa Victoria lina visiwa, visiwa vina mchanga mweupe na minazi, na huko Ulaya na Marekani sasa hivi watu wanatetemeka kwa theluji. Basi kinachotukosesha utajiri ni matangazo tu. Kisiwa cha Takawiri kikipigwa picha vizuri na kuitwa Karibiani ya Ziwa, wageni watamiminika kuota jua kuanzia Desemba hadi Aprili, kama wanavyofanya Jamaika na Barbados, nasi tutaachana na miwa.

Nimeisikia redioni, nimeisikia barazani, na nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Naipinga. Visiwa vyetu ni vizuri, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba wanaoihubiri hoja hii wameiona picha ya Karibiani wasiulize biashara ile inaendeshwaje, inamlipa nani, na kwa nini ilishika kule.

Haikushika kwa sababu ya minazi. Minazi iko Lamu, iko Pemba, iko Komoro. Ilishika kwa sababu ya mambo mawili yasiyohamishika. La kwanza ni kalenda. Vimbunga vya huko huvuma kati ya Juni na Novemba; kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili anga hutulia na mvua hupungua, wakati ule ule Toronto na New York zinaganda. La pili ni ujirani. Kutoka Miami hadi Nassau ndege haimalizi hata saa nzima. Na kabla ya ndege kulikuwa na meli za ndizi. Mwishoni mwa karne ya 19, nahodha Lorenzo Dow Baker na kampuni ya Boston Fruit walikuwa wakisomba ndizi kutoka Port Antonio, Jamaika, hadi Boston. Meli zilipokuwa zikirudi Jamaika zilikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ikauzwa kwa Wamarekani wanaoikimbia baridi. Hoteli ya Titchfield ikasimamishwa Port Antonio ili wapate pa kulala. Mgeni alifuata njia ambayo mzigo ulikuwa umekwisha kuifungua.

Sasa tazama njia ya kufika Takawiri. Ni kweli Mwingereza huruka hadi Barbados kwa saa zisizopishana sana na za kuja Nairobi. Lakini akitua Bridgetown, hoteli yake iko karibu tu. Akitua Nairobi, bado ana ndege nyingine ya Kisumu, kisha barabara hadi Luanda K'Otieno, kisha kivuko hadi Mbita, kisha mashua. Na akifika Desemba atakuta mvua za vuli hazijaisha. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi huku, ila bonde lote hili la ziwa, kutoka Kisumu hadi milima ya Nandi na Kericho, ni nchi ya radi za alasiri. Wakulima wa chai wanaijua mvua ya mawe kama wanavyowajua watoto wao. Hakuna wakala wa London atakayemuuzia mteja wiki ya jua hapa na kulala usingizi.

Isitoshe, tuliwahi kuwa nao wageni wa namna hiyo. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Ziwa Victoria, na baadaye katika miaka ya 1930 ndege zake za majini zilikuwa zikitua kwenye ghuba ya Kisumu, zimebeba watu wenye fedha wa enzi ile. Walilala usiku mmoja, wakaendelea na safari zao za Nairobi, Mombasa na Afrika Kusini. Ziwa lilikuwa kituo cha kujaza mafuta. Miongo ya baadaye wageni wa kambi za Maasai Mara wakawa wanaletwa kwa ndege ndogo hadi Rusinga au Mfangano wakavue mbuta, wapigwe picha nao, kisha warudi Mara. Sikatai kwamba nahodha wa mashua alilipwa na mpishi akaajiriwa. Ila ukimuuliza mkazi wa kisiwani biashara hiyo ilimwachia nini, jibu ni fupi.

Kwetu Muhoroni hoja hii inauma zaidi, kwa sababu inatumiwa kutuambia tuizike sukari. Tunaambiwa: hata Karibiani walikuwa watu wa miwa kama ninyi, wakaacha, wakafungua hoteli. Ni kweli waliacha. Saint Kitts ilifunga sekta yake ya sukari mwaka 2005, baada ya zaidi ya karne tatu za miwa. Sisi huku tunaujua uchungu huo nusu nusu: kiwanda chetu kiliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka 2001, na mwaka 2025 serikali ikakikodisha kwa kampuni binafsi kwa miaka 30, pamoja na vile vya Chemelil, Nzoia na Sony. Mkulima aliyekaa miezi akisubiri malipo ya miwa yake ana haki ya kuchoka. Lakini aulize kwanza mwenzake wa Karibiani alipewa nini badala yake.

Jamaika ina Sheria ya Usimamizi wa Fuo ya mwaka 1956, na kwa mujibu wake raia hana haki ya jumla ya kwenda ufuoni kuogelea. Sehemu kubwa ya fuo nzuri imekuwa ya hoteli, na hadi leo wapo Wajamaika wanaokwenda mahakamani kudai njia ya kufika baharini walikoogelea babu zao. Barbados imejitahidi zaidi, fuo zake ni za umma. Haiti nayo ilikodisha rasi ya Labadee kwa kampuni ya meli za kitalii, Royal Caribbean, tangu miaka ya 1980: kuna ua, kuna walinzi, na abiria walikuwa wakishuka kuota jua katika nchi ambayo wengi wao hawakukanyaga mtaa wake hata mmoja. Askari polisi wetu wa Kenya walitua huko huko Haiti, Port-au-Prince, Juni 2024. Wao waliiona Karibiani ya upande wa pili wa ua, wakiwa wamevaa helmeti.

Ardhi iliyokuwa ya shamba kubwa ikawa ya hoteli kubwa. Aliyekuwa akikata miwa akawa anatandika vitanda, kwa msimu, akisubiri theluji ianguke nchi nyingine ili apate mshahara. Huo ndio ukombozi tunaoahidiwa? Huku angalau mkulima wa mpango wa makazi wa Muhoroni ana shamba lenye jina lake, na molasi inayotoka kiwandani ina mnunuzi hapa hapa mjini, anayetengeneza spiriti na hamira. Tuna matatizo, ila ni matatizo ya watu wenye ardhi.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa ndipo wahubiri wa Karibiani hunyamaza kabisa. Bahari ina chumvi. Konokono anayebeba kichocho haishi kwenye chumvi; anaishi kwenye maji baridi, kwenye magugu ya ukingoni, pale pale ambapo mtalii angetandaza taulo yake. Ugonjwa huo ulivuka Atlantiki ndani ya miili ya Waafrika waliouzwa utumwani, ukaota mizizi kwenye mito ya Saint Lucia na ya visiwa vingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, wakfu wa Rockefeller ulifanya kazi Saint Lucia kwa zaidi ya mwongo mmoja kutafuta namna ya kuudhibiti. Lakini hata miaka hiyo mgeni wa Saint Lucia angeweza kuoga baharini bila wasiwasi, maana ugonjwa ulikuwa mitoni, kwa wenyeji. Kwetu ziwa lote ni maji baridi. Watoto wa shule za kando ya ziwa hugawiwa dawa ya praziquantel kwa sababu hiyo. Wadudu wanaotoka kwenye konokono huwa wengi zaidi majini jua linapokuwa kali, kuanzia mchana wa mapema hadi alasiri, yaani saa zile zile ambazo brosha ingekuonyesha mtu akiogelea huku anacheka. Ongeza gugu maji linaloingia na kutoka ghubani kwa upepo, na miezi ambayo maji hugeuka kijani kwa mwani. Ziwa hili lina mambo mengi mazuri ya kumpa mgeni, lakini kumuuzia mgeni maji yake kama ya Barbados ni kumdanganya, na atarudi kwao akaeleze.

Mchanga nao una wenyewe. Nenda ufuo wowote wa Rusinga au Takawiri mapema asubuhi baada ya usiku usio na mwezi. Mashua zimerudi, taa zimezimwa, na omena, wale dagaa wa ziwa, wanamwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Akina mama wanawatawanya kwa mikono hadi wakae tabaka moja, kisha wanageuza, wanangoja, wanageuza tena, jicho moja likiwa kwa omena na jingine kwa mawingu. Wakikauka vizuri kabla ya alasiri, wanakwenda sokoni wakaliwe na watu. Mvua ikiwawahi, bei inaanguka, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Yote hayo yanafanyika juu ya ule mchanga mweupe ambao mwenye ramani ya hoteli anauona mtupu. BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo ya mahali, inajua kila mita ni ya nani na inatumika saa ngapi. Kiti cha kuotea jua kikiwekwa pale, kuna mtu wa kuondolewa. Tuliona mabanda ya samaki ya Lwang'ni, mjini Kisumu, yalivyobomolewa wakati bandari ilipokuwa ikitengenezwa upya. Hakuna haja ya kubahatisha ni nani huondolewa kwanza.

Na ziwa lenyewe halikubali kupangiwa ufuo. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakavunja rekodi ya mwaka 1964, yakaingia majumbani na kwenye mahoteli ya kando ya maji. Mchanga mwingi ulimezwa. Aliyekuwa amekopa benki kujenga juu yake angeomba msamaha kwa nani?

Nitaambiwa: sawa, lakini mzungu ana dola, na bila dola maneno yako ni maneno tu. Hapo twende Mombasa, kwa sababu jaribio hilo limekwisha kufanyika hapa hapa Kenya na matokeo tunayo. Pwani ilijengwa kwa miongo mingi juu ya mgeni wa majira ya baridi, Mjerumani wa Diani na Mwitaliano wa Malindi, wakiletwa na ndege za kukodi. Mei 2014 serikali ya Uingereza ikatoa onyo la usalama kuhusu Mombasa. Kampuni za utalii zikawapakia wateja wao ndegeni kabla likizo hazijaisha na kufuta safari zilizofuata. Hoteli zikafungwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao, na mama aliyekuwa akiuza leso ufuoni akabaki na leso zake. Onyo moja lilitosha.

Waliorudisha uhai walikuwa Wakenya. Hoteli zilizokuwa zikimtazama mwananchi kwa pembe ya jicho zikaanza kumpunguzia bei, na treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa ilipoanza kubeba abiria Juni 2017, familia za Nairobi zikaijaza kila likizo. Mgeni huyu hakufuta safari kwa sababu ya barua ya wizara ya London. Hata habari mbaya anazisoma kwa macho ya mwenyeji: anajua Mombasa ni kubwa, anajua tatizo liko mtaa gani, ana binamu huko wa kumpigia simu. Pwani ilijifunza hilo kwa maumivu, nasi tunataka kuanza pale ilipoangukia.

Kuna kitu kimoja tu cha kuiga kutoka Karibiani, na ndicho ambacho hakuna anayekitaja: mgeni wao ni jirani anayehisi baridi. Sisi tunaye. Baridi yetu haiko Januari, iko Juni, Julai na Agosti. Haiko London, iko Kericho, Londiani, Molo, Timboroa, Limuru. Mtu wa Molo mwezi wa Julai anaamka kwenye ukungu, anavaa sweta juu ya sweta, jua analiona saa sita likija kama mgeni asiyetaka kukaa. Wakati huo huo Muhoroni tunatafuta kivuli. Sisi wenyewe tunaishi kwenye mpaka wa majira hayo mawili: ukitoka hapa kupitia Kipsitet kuelekea Kericho, unafunga dirisha la gari kabla hujamaliza kupanda. Miami na Nassau hazijakaribiana kiasi hicho.

Usiniambie jirani huyo hana fedha. Pita Litein au Kapkatet wiki ambayo bonasi ya chai imeingia, uone foleni za benki na malori ya magodoro. Hesabu walimu, wauguzi, makarani wa ushirika, wenye maduka, kutoka Nandi hadi Nakuru. Hawatalipa bei ya mgeni wa Mara, na ni vizuri wasilipe, kwa sababu bei ile hulipwa zaidi kwa wakala wa ng'ambo, mwenye ndege na mwenye kambi. Wao watamlipa mwenye mashua mkononi, watalipa M-Pesa kwa mama wa samaki, na watalala chumba cha mtu wa Mbita aliyejenga kwa akiba yake. Na wengi wao ziwa hili wanaliona kutoka juu tu, kule kwenye miinuko ya Nandi, likimetameta kwa mbali. Wamekuja Muhoroni kununua na kuuza, wamekuja Sondu siku ya soko, na miaka mingine, tuseme ukweli, tumekutana nao kwenye mpaka huu kwa mishale na moto. Kukutana kwenye kivuko itakuwa afadhali.

Kalenda nayo inakubali. Desemba visiwa havihitaji mgeni wa kubembelezwa: wana wa ziwa wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, tamasha la Rusinga linapigwa, mashua zimejaa, kitanda cha kulala Mbita ukikipata ushukuru. Julai ndipo panapokuwa kimya. Uvuvi wa omena hufungwa kisheria kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, mchanga unapumzika, wenye mashua wanakaa chini ya miti. Agosti shule zimefungwa, omena wamefunguliwa, na familia ya Londiani ingeweza kuwala siku ile ile walipotoka ziwani, jambo ambalo halijawahi kutokea Londiani tangu dunia iumbwe.

Na mgeni huyu hahitaji kudanganywa kuhusu kuogelea. Kichocho anakijua kwa jina, na zahanati ya kwao inajua dawa yake. Anachokuja kuona ni vitu ambavyo mwota jua hana habari navyo. Rusinga, Kasawanga, kuna kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Mtoto aliyemsoma Mboya darasani, akasoma na habari za wanafunzi waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani mwaka 1959, hatahitaji mtu wa kumfafanulia risasi ile. Kisiwani humo humo Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale, Proconsul, mwaka 1948, na mtoto wa Fort Ternan, hatua chache kutoka kwetu, anaweza kujigamba kwamba mlima wao nao umetoa mifupa ya kale. Mfangano kuna michoro ya miamba, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe ambayo inasemekana iliachwa na watu wa kale kabla ya Abasuba, na kuna jumba la makumbusho la Abasuba wenyewe. Usiku, kabla mwezi haujakua, taa za wavuvi wa omena huenea majini hadi ukadhani kuna mji kule. Hakuna picha ya minazi itakayomwonyesha mtu hayo.

Fedha ambazo zingeingia kwenye maonyesho ya utalii ya ng'ambo ziende basi kwenye vitu vya jirani huyu. Treni ya Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021 na reli yake inapita hapa hapa Muhoroni, ikitokea Londiani na Fort Ternan. Iwekewe safari za Agosti, si za Krismasi pekee, na ratiba yake itangazwe Kericho na Molo mapema. Mashua za kwenda Takawiri na Mfangano ziwe na makoti ya kuokoa maisha ya kutosha kila abiria, mtoto akiwamo, na nauli iandikwe ubaoni ili mtu wa Litein asitozwe bei ya mzungu. Vyoo vijengwe kwenye gati la Mbita na la Luanda K'Otieno. BMU ndizo ziamue mgeni akae wapi na omena waanikwe wapi, nazo zipate sehemu ya ada. Na kila ufuo uwe na kibao kinachosema kwa Kiswahili, kwa Kidholuo na kwa Kikalenjin mahali penye konokono.